Bosi anataka "nijiongeze" ndipo mkataba wangu usainiwe

Shikamoo Mama,

Nina miaka 27, naishi Moshi na mama yangu pamoja na mwanangu wa miaka minne. Nafanya kazi ya kuhudumia vyumba kwenye hoteli moja ya watalii huku kwetu, jina naomba nisilitaje. Mikataba yetu ni ya miezi sita sita. Huu nilionao ni wa tano na unaisha tarehe 30 Septemba. Ile minne ya nyuma ilisainiwa upya bila mtu kuniuliza neno, na mwaka jana nilipewa cheti cha mfanyakazi bora wa idara.

Mwezi wa tatu tuliletewa meneja mpya wa idara yetu. Mwanzo yalikuwa maneno tu. Sketi imekukaa, mume wako anafaidi, kwa nini hujaolewa na umbo hilo. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ndiye anayepanga zamu. Baadaye zikaanza meseji za usiku. "Umelala?" "Nakuwaza." Nyingine nilizijibu kwa kifupi, "hahaha sawa bosi", na vile vikatuni vya kucheka, nikidhani ataona sina habari naye aache. Hakuacha.

Tarehe 11 Juni alinipigia simu ya ndani nipande ghorofa ya tatu, kwamba kuna chumba hakikutandikwa vizuri. Nilipoingia alifunga mlango, akanishika kiuno kwa nyuma. Nilimsukuma, nikaangusha hadi ndoo, nikatoka. Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia, nikanawa uso, nikamaliza vyumba vyangu kumi na viwili.

Toka siku hiyo mambo yamegeuka. Julai ilitangazwa nafasi ya usimamizi wa ghorofa. Kila mtu alijua ni yangu. Alisema mbele ya wenzangu wawili: "Wewe una mtoto mdogo, akiumwa ghorofa itasimamiwa na nani? Nafasi hii inataka mtu asiye na mambo mengi." Akapewa kijana mwenye miezi minane kazini, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kutandika. Mimi nikahamishiwa kufua, zamu ya usiku, ambako hata tipu ya wageni huioni. Halafu nikapewa barua ya onyo kwamba nachelewa, na tarehe walizoandika moja nilikuwa likizo.

Wiki iliyopita aliniita akaniambia mkataba wangu uko mezani kwake. "Wewe ni mtu mzima, jiongeze." Jioni akanitumia jina la nyumba ya wageni iliyo nje ya mji na saa.

Nilikwenda kwa afisa utumishi, nikamweleza kwa mdomo. Aliniuliza, "Ulikuwa unamjibu nini? Mwanamke akicheka, mwanaume atajuaje kwamba hataki?" Akasema tukazungumze wenyewe tumalizane. Wale wawili ni marafiki, hata gari wanapanda moja.

Meseji nyingine nilizifuta kwa kumwogopa mzazi mwenzangu, huwa anashika simu yangu. Mama nimemwambia nusu nusu, anasema nivumilie, mabosi wanakuja na kuondoka ila ada ya mtoto haingoji. Mwenzangu mmoja wa kazini aliniambia, "Dada, kazi za hoteli ndivyo zilivyo, hata mimi aliniambia hivyo hivyo." Sikumuuliza yeye alifanyaje.

Jumapili niliandika barua ya kuacha kazi. Nimeandika sababu ni matatizo ya kifamilia. Iko ndani ya mkoba, kila siku naenda nayo na kurudi nayo. Mama, niitoe? Au nikubali mara moja yaishe, mwanangu asome? Na kama kuna pa kukimbilia, ni wapi, maana polisi naogopa na wakili sina pesa yake.

Mimi binti yako,
Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na mkoba wako kabla ya yote. Barua hiyo usiitoe. Wala usiikabidhi "kwa muda", wala usimwonyeshe afisa utumishi ili aone umekasirika. Itoe humo mkobani uiache nyumbani, maana siku moja utachoka zaidi ya leo na mkono utaitoa wenyewe.

Nakuambia hivi kwa uchungu. Nilifanya kazi mahotelini miaka mingi, na kwa sehemu ya miaka hiyo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Tulikuwa na mwenzetu wa jikoni aliyepitia kama yako. Siku aliyoshindwa aliandika mistari mitatu: naacha kazi kwa sababu za kifamilia, nawashukuru kwa ushirikiano. Miezi miwili baadaye alipopata nguvu ya kudai haki yake, mwajiri hakutafuta shahidi wala wakili wa maana. Alileta ile karatasi. Mbona unasema ulisumbuliwa na hapa umetushukuru? Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa naye siku anaiandika, na sikumzuia, nilidhani heshima yake imo katika kuondoka kimya. Bado naikumbuka kalamu yenyewe.

Sasa sikiliza sheria inavyosema, kwa sababu kisa chako ndicho kilichofikiriwa ilipoandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na inasema wazi kwamba kumnyanyasa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi. Katika misingi iliyokatazwa imo jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Kwa hiyo yale maneno ya "una mtoto mdogo" aliyoyasema mbele ya watu wawili usiyachukulie kama kero ndogo kando ya lile kubwa. Ni kosa linalojitegemea, tena lina mashahidi. Na mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri, ndiye atakayetakiwa kueleza kwa nini mwenye miezi minane alimpita mwenye cheti cha mfanyakazi bora. Mlio kwenye ngazi ya kusimamia wengine, lisomeni hilo mara mbili.

Na kuhusu kuacha kazi: sheria inamtambua mtu aliyelazimika kujiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Anahesabiwa kama aliyeachishwa. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zimeitaja sababu hii kwa jina: unyanyasaji wa kingono, au mwajiri kushindwa kumkinga mfanyakazi nao. Lakini mfanyakazi anatarajiwa awe ametumia njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa kama alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Unaona shida iliko? Wewe umelalamika kwa mdomo, kwa mtu ambaye ni rafiki wa mtuhumiwa. Kesho akisema hukufika ofisini kwake, utafanya nini? Ndiyo maana kazi yako ya wiki hii ni moja tu, kuandika.

Kabla ya kuandika, nikutue mzigo wa vile vikatuni vya kucheka. Nimepata barua nyingi miaka hii na karibu kila moja ina mstari kama wako: "nilicheka". Mtu anayekupangia zamu, anayeshika mkataba wako, akikuletea utani mchafu, unacheka. Sote tumecheka. Mama zetu walicheka mashambani kwa wanyapara. Hicho ni kicheko cha mtu anayelinda ugali wake, na anayekitumia kama ridhaa anajua vizuri sana anachofanya. Tena usizifiche hizo meseji. Zipeleke pamoja na zile za kwake, mlolongo mzima, kwa sababu anayesoma yote kwa mpangilio ataona majibu yako yakifupika na yeye akizidi. Na tarehe 11 Juni ulimsukuma mpaka ndoo ikaanguka. Kama kweli alikuwa hajui kwamba hutaki, basi siku hiyo alijua, na jina la nyumba ya wageni amelituma baada ya siku hiyo.

Zilizofutika zisikukatishe tamaa. Zilizobaki usizifute, usibadilishe simu, na usitegemee picha za skrini peke yake. Ile simu yenyewe ndiyo yenye uzito. Toka mwaka 2015 tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inayokubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi, ila lazima uonyeshe ulikotoka na kwamba haukuchezewa. Kama WhatsApp yako huwa inahifadhi nakala kwenye akaunti ya Google, mtafute kijana mnayemwamini akusaidie kuangalia kama za zamani zimo.

Kisha nunua daftari. La shilingi mia tano linatosha. Andika kila unachokumbuka: tarehe, saa, namba ya chumba, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo, ulimweleza nani baadaye. Usiyapambe. Pale usipokumbuka siku, andika "wiki ya kwanza ya Mei" ukaendelea. Likae nyumbani, lisikae kabatini kazini. Pamoja nalo weka mikataba yote mitano, hati za mshahara, kile cheti, barua ya onyo, na kitu chochote kinachoonyesha ile siku ya likizo. Ratiba ya zamu ikibandikwa ukutani ipige picha, ya kabla ya Juni kama ipo na ya baada. Huyo bwana amekuachia ushahidi mzuri kuliko anavyodhani, kwa sababu kisasi huwa kinaandikwa. Zamu zimeandikwa. Onyo limeandikwa, tena kwa uongo.

Na kuna jambo ambalo mtu asiyewahi kufanya kazi hotelini asingekukumbusha. Milango yenu inafunguliwa kwa kadi? Kama ni kadi, mifumo mingi ya kufuli hizo huweka kumbukumbu kwamba kadi ya fulani ilifungua chumba fulani saa fulani. Kadi ya meneja na chumba kile cha ghorofa ya tatu, tarehe 11 Juni. Korido nazo kwa kawaida zina kamera. Vitu hivi viko mikononi mwao, na picha za kamera hufutwa baada ya muda kupisha mpya, za Juni huenda zimeshakwenda. Kwa hiyo uviombe kwa maandishi vihifadhiwe. Hata kama hawatakupa, siku watakapoulizwa viko wapi itajulikana kwamba waliombwa.

Sasa barua. Iandike kwa mkurugenzi au mwenye hoteli. Afisa utumishi umpe nakala, lakini asiwe ndiye mpokeaji mkuu. Ya kwangu ingekuwa hivi, nawe uibadilishe iwe sauti yako:

"Nalalamika rasmi kuhusu unyanyasaji wa kingono na ubaguzi niliofanyiwa na meneja wa idara yangu kati ya mwezi Machi na Agosti. Tarehe 11 Juni, chumba namba fulani, alifunga mlango na kunishika kiuno bila ridhaa yangu. Baada ya kukataa nilihamishwa zamu, nilinyimwa nafasi kwa maelezo kwamba nina mtoto mdogo, na nikapewa onyo ninalolipinga. Mwezi huu amefungamanisha kusainiwa kwa mkataba wangu na kukutana naye nyumba ya wageni. Tarehe fulani nilimweleza afisa utumishi kwa mdomo na hakuna hatua iliyochukuliwa. Naomba uchunguzi ufanywe na mtu asiye na ukaribu na mlalamikiwa, nisipangiwe chini yake wakati uchunguzi ukiendelea, na kumbukumbu za kadi za milango na kamera zihifadhiwe."

Basi, iishie hapo. Matusi usiweke, laana usiweke, hata kama anastahili. Ichapishe nakala tatu. Moja wanabaki nayo, moja wanakugongea muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo ndiyo dhahabu yako. Wakikataa kusaini, itume kwa barua pepe ya hoteli siku hiyo hiyo na nyingine kwa posta ya rejista, risiti uitunze. Nakala ya tatu ni ya chama cha wafanyakazi. Mahotelini chama chenu ni CHODAWU. Kama una kadi yao, mwakilishi wa tawi ana wajibu wa kusimama na wewe kwenye kikao chochote utakachoitwa. Kama huna, ulizia ofisi yao ya mkoa, hujachelewa kujiunga. Kwenye kikao cha namna hii usiende peke yako kamwe, hata ukiambiwa ni cha dakika mbili.

Nategemea yatatokea mojawapo ya mawili. Huenda mwenye hoteli akashtuka na kuchukua hatua, maana hoteli ya watalii inaogopa habari kama hizi kuliko kunguni. Au tarehe 30 Septemba itafika uambiwe mkataba umeisha, kwaheri. Watakuambia kwamba mkataba wa muda ukiisha umeisha, hakuna kuachishwa hapo. Usikubali hivi hivi. Sheria yetu inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuuhuisha mkataba wa muda wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa. Mikataba minne iliyofuatana bila swali, na cheti juu yake, ndiyo matarajio yenyewe. Na kumwondoa mtu kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria si sababu halali.

Hapo ndipo unapokwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ofisi ya mkoa wa Kilimanjaro iko hapo hapo Moshi. Kufungua shauri hulipii. Utajaza fomu namba moja, nakala yake unampelekea mwajiri kwanza akasaini kupokea, ndipo unairudisha tume. Lakini, mwanangu, siku! Kwa kuachishwa kazi ni siku 30 tu tangu siku ulipoachishwa. Mgogoro mwingine wa kazi, kama huu wa ubaguzi ukiwa bado kazini, ni siku 60 tangu ulipotokea. Nafasi ya usimamizi ulinyimwa Julai, kwa hiyo saa hiyo inatembea tunavyoongea. Nenda ofisini kwao wiki hii uulize, usisubiri Septemba. Ukichelewa unaweza kuomba muda uongezwe kwa sababu nzito, ila nimeona watu wenye haki kamili wakiishia kubishana kuhusu kalenda badala ya kilichowapata.

Wanaosoma hapa wakiwa kazini chini ya miezi sita wajue kwamba sehemu ya kuachishwa isivyo haki haiwagusi. Kinga dhidi ya ubaguzi na unyanyasaji inawagusa toka siku ya kwanza, hata wakiwa bado wanaomba kazi.

Tukija kwenye "jiongeze". Ninyi vijana mnalitumia neno hili kwa mizaha, lakini mwenye mamlaka akilitamka juu ya mkataba wa mtu lina jina lake: rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani mwenye madaraka anayedai ngono kama sharti la ajira, cheo au haki ya mtu. Sekta binafsi nayo imo. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, au nenda ofisi yao ya mkoa na simu yako yenye lile jina la nyumba ya wageni na saa. Wao wana namna yao ya kuchunguza na kuweka mtego. Nakuomba sana usijaribu kuweka mtego wako mwenyewe. Usiende kule nyumba ya wageni, hata na rafiki aliyejificha nje, hata kwa nia ya kumrekodi. Chumba kikishafungwa wewe ndiye unayebaki ndani. Kama TAKUKURU wataona inafaa, watapanga wao na watakuwa nyuma yako.

Polisi unawaogopa, nakuelewa. Ila huendi kaunta kusimulia mbele ya watu waliokamatwa na bodaboda zao. Omba Dawati la Jinsia na Watoto, vituo vikubwa vinalo, na unaweza kuomba askari wa kike. Kukushika mwili ni kosa la jinai, na unyanyasaji wa kingono umo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Kifungu hicho kiliingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na hakikuja bure. Mwaka 1990 mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na kikundi cha wanafunzi wa kiume. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichokuwa na miaka mitatu tu wakati huo, pamoja na wanawake wengine, hawakunyamaza hadi Bunge lilipotunga sheria. Kwa hiyo mwenzako akikuambia ndivyo kazi zilivyo, mweleze kwamba kuna wanawake waliokaa miaka minane wakikataa kwamba ndivyo zilivyo.

Na huyo mwenzako, rudi kwake. Usimlazimishe na usimtaje kwenye barua bila idhini yake, anaweza kuwa na sababu za kuogopa kuliko zako. Lakini umuulize lile ambalo hukumuuliza. Nilivyosoma mstari ule niliona kama alikuwa anasubiri kuulizwa. Mkiwa wawili, "alinielewa vibaya" inakuwa ngumu kusemeka.

Wakili wa kulipa huhitaji kwa sasa. Hapo Moshi kuna KWIECO, wamesaidia wanawake wa Kilimanjaro kisheria kwa miaka mingi, anza nao. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nao wanatoa msaada bure kwa asiye na uwezo, vilevile Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Na toka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hadi wilayani. Wapelekee daftari na barua waisome kabla hujaikabidhi, watakuwekea na vifungu. CMA yenyewe inakuruhusu uende na kiongozi wa chama, wakili, au mtu uliyemchagua.

Sitaki kukudanganya kwamba hii ni njia fupi. Usuluhishi umepewa siku 30, na ukishindikana shauri linaendelea, wakati mwingine miezi. Kuna ambao wameshinda na bado wakafuatilia malipo kwa taabu. Zamu zako zinaweza kuwa mbaya zaidi baada ya barua. Kwa hiyo tangu sasa, kimya kimya, tafuta kazi kwingine pia. Kutafuta kazi hakuharibu madai yako. Na usiyaweke haya mtandaoni kwa jina lake kabla ya vyombo kuyasikia, hata ukichochewa na wenye huruma, kwa sababu usiku mmoja unaweza kugeuka mshtakiwa.

Uliniuliza kama ukubali mara moja yaishe. Sikulaumu kwa kuuliza, mwenye ada ya mtoto kichwani huwaza kila mlango. Lakini nimeongea na waliokubali. Hakuna hata mmoja aliyeniambia ilikuwa mara moja. Mkataba ni wa miezi sita, na baada ya miezi sita uko tena mezani.

Mama yako mwambie yote. Nusu nusu ndiyo inayomfanya aseme vumilia, kwa sababu nusu aliyoisikia inaonekana ya kuvumilika. Mwambie kuhusu mlango uliofungwa. Kaa naye jikoni mtoto akiwa amelala, usianze na kazi wala ada, anza na ile ndoo. Mzazi mwenzako ana haki ya kusikia kutoka kwako kabla hajasikia mitaani, ila chagua siku na mpangilio: kwanza barua ipokelewe, ndipo umwonyeshe nakala yenye muhuri. Karatasi yenye muhuri inamtuliza mtu mwenye wivu kuliko kiapo. Na kama ni mtu wa kupiga, mwambie ukiwa na mama au mjomba pembeni.

Neno kwa wengine wanaosoma, ambao kwao halikuishia kiunoni. Hospitali kwanza, usioge, usifue nguo ulizovaa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Fomu ya polisi namba tatu na kesi vitafuata, mwili hautasubiri.

Binti yangu, Jumatatu kabla ya zamu pita KWIECO na daftari. Umeniambia unaingia usiku, basi asubuhi yote ni yako. Mtoto muache kwa bibi yake. Ukishagongewa muhuri niandikie, hata mstari mmoja, nijue tarehe, nianze kuhesabu siku pamoja na wewe.